Barua ya Wazi kwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii: Warudishieni Wanafunzi Alasiri Yao

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Natoa salamu zote mbili kwa kuwa Tume yenu, tangu ilipoundwa mwaka 1992, ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania kwa pamoja, na jambo ninaloandika linazigusa shule za pande zote.

Naandika kuhusu muda ulio kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni. Katika shule nyingi za sekondari za kanisa muda huo unaliwa, na unaoula ni mtihani. Zamani kengele ya kipindi cha mwisho ikilia, ndipo shule ilipochangamka: hawa kiwanjani, hawa bustanini, hawa kwenye mazoezi ya kwaya, wengine wanabishana juu ya hoja ya mdahalo wa Ijumaa. Siku hizi kengele ile ile inawaita kwenye vipindi vya ziada, kisha prepo, kisha pasti pepa. Kidato cha nne ndio wameondolewa kabisa. Mwaka ukianza tu wanaambiwa hawaimbi, hawachezi, hawagombei uongozi. Najua shule moja ya kanisa iliyofuta mdahalo muhula mzima ili kupisha majaribio ya kila wiki, na kinanda cha kwaya kikafungiwa stoo.

Nimekuwa mlezi wa wanafunzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu, kwa hiyo naomba niwaoneshe kinachopotea.

Chukueni mazoezi ya kwaya. Anayefundisha ni msichana wa kidato cha tatu, mwenye nota alizonakili kwa mkono. Anaanza na sauti ya kwanza maana wanashika haraka, kisha anawanyamazisha na kuhamia besi. Besi wanachelewa. Hawagombezi; anawaambia waache kuimba kwanza, wapige makofi na kuhesabu mpaka mapigo yawakae. Kuna mvulana wa sauti ya tatu anayepanda kila mara kuliko wenzake, naye anamsogeza taratibu karibu na mwenye sikio zuri, bila kumtaja mbele za watu. Saa moja baadaye sauti nne zinaungana, na wimbo ambao asubuhi ulikuwa alama kwenye karatasi unasimama. Mwalimu wa zamu muda wote yuko ofisini anasahihisha madaftari. Msichana huyo ameongoza wenzake wapatao arobaini bila fimbo, bila kuahidi alama, na kesho watarudi kwa sababu wanataka. Hakuna kipindi darasani kinachompa nafasi ya kufanya hivyo.

Au mtazameni mweka hazina wa tawi la chama cha wanafunzi Wakristo, iwe UKWATA, TYCS au CASFETA. Ana miaka kumi na sita, daftari la kaunta na bahasha ya sadaka. Kongamano la Pasaka linakaribia. Lazima ajue nauli ya kila mmoja, mchele utakaotosha, nani hajamaliza mchango na kwa nini, na aandike barua ya ruhusa kwa mkuu wa shule kwa lugha inayoeleweka. Akirudi, husimama mbele ya wanachama na kusoma mapato na matumizi. Hesabu zisipokaa sawa, anaulizwa. Nimeona kijana akitetemeka hapo mbele kwa ajili ya fedha ya sabuni ambayo hakuiandikia risiti, na wenzake wakamwuliza kwa upole lakini bila kumwachia. Hata watu wazima walio ofisini hawapati malezi kama hayo mara nyingi.

Wanafunzi wa TYCS wanafuata njia aliyoiasisi padre Mbelgiji, Joseph Cardijn: ona, amua, tenda. Wakati mmoja vijana wa tawi nililolilea walikwenda kumtembelea bibi mmoja jirani na shule, na mazoea yalikuwa kumpelekea sukari na sabuni, kuimba pambio na kurudi. Safari hiyo mmoja wao akaona ndoo chini ya paa, ndani ya nyumba. Kwenye kikao chao wakabishana sana, maana bati ni ghali na wengine walishachoka kuchangishwa. Mwishowe waliomba mabati yaliyobaki kwenye ujenzi wa bweni, wakamwomba fundi wa shule awafundishe kupaua, na Jumamosi mbili wakawa juu ya paa lile. Leo kikao kile kisingefanyika. Jumamosi ni siku ya majaribio.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wa kanisa huwa hatulisemi wazi. Shule zetu zina wanafunzi Waislamu wengi, na Ibara ya 19 ya Katiba inawapa uhuru wa imani sawa na wetu. Hatuwezi kuwalazimisha kwenye ibada, wala hatupaswi. Lakini kwenye mdahalo, kwenye mpira wa pete, kwenye bustani ya mboga, wanakuwa wenyeji kamili na wanaheshimiana na wenzao. Alasiri ikiondolewa, kinachobaki ni darasa, mahali ambapo kila mtu anatazama ubao, na ibada, mahali ambapo wao hawamo. Hilo linaniuma kuliko yote.

Najua jibu nitakalopewa: wazazi wanataka daraja la kwanza. Ni kweli, na wana haki ya kulitaka. Wanalipa ada kwa jasho. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, nikadhani tutapumua. Tukatengeneza mabango wenyewe, tukayatundika getini, yakiwa na idadi ya daraja la kwanza kwa rangi nyekundu. Hapo hatuwezi kuisingizia Serikali. Tena Serikali yenyewe, kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, imeingiza kilimo, sanaa na michezo kwenye elimu ya amali. Itakuwa ajabu kanisa, ambalo limelea kwaya za nchi hii, liwe la mwisho kuona thamani ya muziki shuleni.

Mwalimu Nyerere alifundisha St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu kabla hajawa kiongozi wa nchi. Alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, moja ya malalamiko yake makubwa lilikuwa kwamba shule zinamwandaa mtoto kwa ajili ya mtihani, na mtihani kwa ajili ya wachache watakaoendelea. Alikuwa anazijua shule zetu kutoka ndani. Miaka michache baadaye nyingi za misheni zikataifishwa, na makanisa yalipopata tena nafasi ya kujenga, waumini walichangia mahindi, mbuzi na nguvu kazi. Sikumbuki parokia au usharika wowote ulioambiwa kwamba tunajenga mahali pa kurudia pasti pepa.

Ninachoomba ni waraka mmoja kutoka Tume kwenda kwa wakuu wa shule na bodi zao. Useme kwamba angalau alasiri tatu kwa wiki hazitafundishwa wala kutahiniwa somo lolote, kidato cha nne wakiwemo mpaka robo ya mwisho ya mwaka. Useme kwamba matawi ya wanafunzi yachague viongozi wao na kushika fedha zao, mlezi akiwa mshauri. Na wakaguzi wenu wanapofika shuleni, wasiishie kwenye jedwali la ufaulu. Wakae mpaka saa kumi, watembee kiwanjani, waulize kinanda kiko wapi.

Waraka huo naomba uwafikie kabla ratiba za Januari hazijapangwa. Ratiba ikishabandikwa ubaoni, hakuna mwalimu wa michezo wala mlezi wa kwaya mwenye ubavu wa kuigusa.

Wenu katika huduma,
Mwalimu mstaafu na mlezi wa zamani wa wanafunzi