Milioni Sita za Ubelgiji: Tupige Hesabu Kwanza



Juzi shemeji yangu wa Mwanza alinipigia simu, anataka hela ya mabati. Nikamwambia mwezi huu sina. Akanijibu: "Shemeji, huko hata anayefagia analipwa milioni sita, wewe nesi unalia nini?" Nilicheka, lakini usingizi ulichelewa kuja.

Haya, tupige hesabu. Mwaka 2025 kima cha chini cha kitaifa hapa Ubelgiji kilikuwa euro 2,111.89 kwa mwezi, kabla ya makato, kwa anayefanya kazi wiki nzima ya saa 38. Ukigeuza kwa shilingi ni kama milioni sita kweli. Ila hiyo milioni sita inaliwa Brussels, hailiwi Mwanza! Nyumba ya chumba kimoja na sebule ukiipata kwa euro 900 unamshukuru Mungu, na hapo umeme na gesi ya kujipasha moto bado.

Tena hizo saa 38 wangapi wanazipata? Dada zetu wengi wanasafisha nyumba za watu kwa mfumo wa titres-services, ulioanza mwaka 2004. Ni kazi halali, bima ipo, likizo ipo. Lakini wengi wao ni wa nusu wiki au zaidi kidogo, na si uvivu jamani. Nilibeba boksi hilo mwenyewe nikisubiri shahada yangu itambuliwe: asubuhi Uccle, mchana Schaerbeek, jioni mgongo umekufa. Leo dada hao hao nawapokea wodini.

Kwa hiyo jibu langu: mtu mmoja mwenye saa kamili anaishi, bila akiba. Mama wa watoto wawili mwenye nusu ya saa hizo, hata akipewa posho ya watoto, haishi, anakopa. Nyumba za serikali za bei nafuu zipo, ila Brussels foleni yake imepita familia 50,000.

Jambo moja nawasifu Wabelgiji. Bei zikipanda, mishahara hupanda kwa sheria, bila kumpigia mtu magoti. Januari 2023, baada ya mfumuko ule wa bei, wafanyakazi wengi wa ofisi binafsi waliongezwa asilimia 11.08. Serikali ya Charles Michel iliporuka nyongeza moja ya asilimia 2 mwaka 2015, vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshagoma nchi nzima kuipinga.

Kwetu je? Sekta binafsi ilipangiwa viwango mwaka 2013, vikaja kuguswa kwa amri ya 2022 iliyoanza Januari 2023. Miaka tisa na ushee! Serikalini, Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini kitoke 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Nilifurahi. Lakini kwa nini mtu mzima asubiri Mei Mosi kama mtoto anavyosubiri nguo ya Idi? Sheria ya kufuata bei ndiyo ya kudai, wanasiasa wetu wanakuja Brussels kila mwaka, waulizeni.

Na sisi wa huku tuna kosa. Picha tunapiga Grand-Place na koti la kuazima, halafu tunashangaa kuombwa mabati.

Amri ile ya 2022 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, katika kaya za kawaida, shilingi 60,000 kwa mwezi. Nikamuuliza shemeji, dada wako wa kazi unamlipa ngapi? Akasema mtandao unakatakata.

Naomba kuwasilisha.