Mtoto wa jicho na hofu ya kukosa sijda



Ndugu wasomaji, hapa kwetu Buyenzi wapo wazee wanaokuja msikitini wakishikwa mkono na wajukuu. Ukiuliza, unajibiwa, "Ni uzee." Mara nyingi kuna jambo jingine juu ya uzee, nalo ni mtoto wa jicho, maradhi yanayoongoza duniani kwa kupofusha watu. Na mtoto wa jicho huondolewa.

Nyuma ya mboni kuna lenzi angavu. Mtu akizeeka lenzi hiyo huingia ukungu, mwanga ukawa haupiti sawasawa. Haumi, ndiyo maana huchelewa kujulikana. Mzee huanza kulalamika kuwa taa za magari zinamchoma usiku, rangi zimefifia, kabadilisha miwani na haimsaidii, na msahafu wa herufi kubwa anausogeza mpaka puani. Kisukari, sigara na kuumia jichoni humharakisha. Wapo pia watoto wanaozaliwa naye. Mama akiona weupe katikati ya jicho la mwanawe asisubiri hata wiki.

Dawa ya matone ya kumyeyusha hakuna, wala asali haimtoi. Tiba ni upasuaji: jicho hutiwa ganzi, lenzi yenye ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia. Ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley. Siku hizi kazi yenyewe kwa kawaida haifiki saa moja, na habari ya kungoja mpaka "aive" imepitwa na wakati. Lakini jicho lipimwe kwanza, kwani presha ya macho nayo hupofusha, na nuru iliyopotea kwa presha hairudi.

Sasa nije kwenye linalonihusu mimi kama mwalimu wa dini. Mzee mmoja tunayeswali naye alikwisha pewa tarehe, akakataa. Ameambiwa asiiname na asitie maji jichoni kwa siku kadhaa, naye anasema hawezi kuacha sijda wala udhu. Wanawe wakanyamaza kwa heshima. Kwa maoni yangu, kunyamaza huko si heshima, ingawa hoja ya mzee si ya kuchezea.

Imepokewa kwamba Ibn Abbas (r.a.) alipopoteza macho alijiwa na mtu aliyemwahidi tiba, kwa sharti aswali siku saba akiwa amelala chali. Akatuma kuwauliza Bi Aisha, Abu Huraira na wengineo (r.a.). Wakamrudishia swali: ukifa ndani ya siku hizo, swala yako utaifanyaje? Akaiacha tiba. Kwa hiyo Imam Malik na al-Awzai wakazuia. Lakini Abu Hanifa na Sufyan al-Thawri waliruhusu, na Jabir bin Zayd, aliyesoma kwa Ibn Abbas mwenyewe, yumo katika walioruhusu. Ibn Qudama ameitaja khitilafu hiyo katika al-Mughni. Na kwetu sisi Mashafii, Imam Nawawi ameipa nguvu kauli ya kujuzu, ikiwa aliyesema ni tabibu wa kuaminika.

Tena tazameni tofauti ya zama. Matabibu wa kale waliisukuma lenzi kwa sindano ikazama ndani ya jicho, na matokeo hayakuwa na uhakika. (Waislamu hawakubaki hapo: Ammar bin Ali wa Mosul, aliyetibu Misri yapata miaka elfu iliyopita, aliandika juu ya sindano yenye tundu ya kumnyonya mtoto wa jicho.) Leo hakuna siku saba za kulala chali. Mzee ataswali kitini, rukuu na sijda kwa ishara, mpaka daktari amruhusu kuinama. Udhu ataosha viungo vilivyo salama, atapaka maji juu ya bandeji na kutayammamu, vumbi likiepushwa na jicho.

Mzee wetu bado anafikiri. Wanawe nimewaomba warudi kwa daktari na maswali mawili tu: siku ngapi bila kuinama, na siku ngapi bila maji usoni. Wakileta majibu tutakaa na baba yao baada ya Laasiri, tumhesabie swala moja moja ataiswali vipi, Insha Allah.

Wabillahi tawfiq.