Mbwa wa Kipofu Apande Basi

Nataka kusema jambo ambalo huenda likawachekesha wengi. Nilipolitaja bwenini, mwenzangu mmoja alicheka hata akajilaza kitandani. Nasema hivi: kipofu mwenye mbwa aliyefundishwa kumwongoza ana haki ya kupanda basi pamoja na mbwa wake, na kuingia naye dukani na benki, na sisi tuliopata kusoma yatupasa kuwa wa kwanza kulitamka.

Najua jibu mtakalonipa. Mtasema vipofu wetu hawana mbwa wa namna hiyo. Ni kweli, wilayani kwetu sijaona hata mmoja. Lakini vipofu wetu wana macho ya kuazima, na nataka tuulize macho hayo ni ya nani.

Huku kwetu kaskazini ya Uganda mzee asiyeona huongozwa na mtoto. Mtoto hushika ncha moja ya fimbo, mzee hushika ncha ya pili, na hivyo huenda sokoni, hospitalini na matangani. Macho ya babu yangu ni ndugu yangu mdogo, mtoto wa baba mdogo, mwenye miaka 12. Siku ya soko hayupo darasani. Siku ya dawa hayupo. Akifa mtu kijiji cha pili, hayupo siku tatu. Kwa umri wake angekuwa darasa la sita, naye yu katika darasa la tatu. Wala hakuna mtu mbaya katika habari hii. Babu mwenyewe humwambia, "Nenda shule, mjukuu wangu, mimi nitakaa." Kisha hukaa kweli, chini ya mwembe, juma zima bila kwenda popote, mpaka bibi huona huruma akamwita mtoto. Ama mtoto akose masomo, ama mzee akose dunia.

Wenzetu wa mbali walilifikiri jambo hili zamani. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walifungua shule ya mbwa mjini Oldenburg kwa ajili ya askari waliopofuka. Mwaka 1928 kijana mmoja Mmarekani asiyeona, Morris Frank wa Nashville, alikwenda Uswisi kwa Bibi Dorothy Eustis akafundishwa kutembea na mbwa jike aliyemwita Buddy. Aliporudi New York alivuka barabara kubwa pamoja naye mbele ya waandishi wa magazeti, na mwaka uliofuata yeye na Bibi Eustis wakaanzisha shule iitwayo The Seeing Eye, ambayo ipo hata leo. Wala msidhani ni mambo ya Wazungu wa ng'ambo tu: Afrika Kusini ina chama cha mbwa wa vipofu tangu mwaka 1953.

Watu hudhani mbwa huyo hujua njia. Hajui. Kipofu ndiye ajuaye anakwenda wapi, naye huhesabu njia panda na kusikiliza magari. Mbwa huvaa mkanda wa ngozi wenye mpini mgumu, na kwa mpini huo bwana wake husikia kila anapogeuka. Mbwa husimama penye ngazi, hukwepa shimo na tawi lililoinama. Na jambo linalonistaajabisha kupita yote ni hili: hufundishwa kutii, kisha hufundishwa kutotii. Bwana wake akisema "twende" na gari linakuja, mbwa hukataa kuondoka. Ni watoto wangapi wa miaka 12 wawezao kumkatalia babu yao?

Sasa turudi kwenye basi. Likizo iliyopita nilisafiri kutoka Kampala kuja nyumbani, mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Chini ya kiti changu palikuwa na kuku wawili, wakinidonoa viatu tangu Luwero. Nyuma alikuwako mama mwenye samaki wakavu ambao kila mtu alijua wapo. Juu ya basi alilia mbuzi. Njiani akatusimamisha mzee mmoja mwenye mbwa mdogo mpole, amefungwa kamba shingoni. Taniboi hakumwuliza hata aendako. Alipiga bati kwa kiganja, na dereva akaondoka. Mzee yule hakuwa kipofu, na mbwa wake alikuwa mbwa tu wa nyumbani. Lakini nilijiuliza: je, angekuwa kipofu, taniboi angefanya vingine? Nadhani asingefanya, maana hakuna aliyemwambia.

Sheria ipo. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 20 cha mkataba huo chataja hata msaada ulio hai katika kumsaidia mtu kwenda atakako. Sheria yetu ya mwaka 2020 yakataza anayeuza huduma kumbagua mlemavu. Bali sheria hizo zimo kabatini, na taniboi yu mlangoni.

Wako wasemao mbwa ni najisi. Hoja hii siicheki, kwa kuwa nimekaa na majirani Waislamu, na najua kwamba palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba. Lakini mbwa wa kipofu hulala miguuni pa bwana wake. Harambi mtu, wala hazunguki. Asiyetaka kukaa karibu naye apewe kiti kingine. Mwaka 2008 mjini Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulimtengea mbwa wa kijana Mwislamu asiyeona mahali pa kungojea mlangoni, bwana wake akaingia kusali. Na kwa Wakristo wenzangu: katika Kitabu cha Tobiti baba ni kipofu, mwana anakwenda safari ndefu, na mbwa anafuata. Sikusoma mahali popote kwamba alifukuzwa njiani.

Hoja iliyo nzito kweli ni ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa mbwa. Abiria anayemwogopa mbwa si mpumbavu. Lakini dawa ya woga huo yajulikana. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sisi twawapiga mbwa mawe badala ya kuwachanja, kisha twashangaa kwa nini ni wakali. Daktari wa mifugo anapokuja kijijini na sindano, ni nyumba ngapi hutoa mbwa wao? Kwetu zilitoka nne.

Tena msiniambie kwamba mbwa wa Kiafrika hafundishiki. Gulu yuko Bwana Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho utotoni. Alipokuwa katika shule ya bweni, mbwa wa hapo shuleni ndio waliomsindikiza chooni usiku. Baadaye alianzisha kazi ya kuwapa mbwa watu walioumizwa moyo na vita vya kaskazini, mbwa hawa hawa wa mitaani, ili wawe wenzi wao na wafundishwe nao. Hao si mbwa wa kuongoza vipofu, lakini hukaa wakiambiwa kaa.

Mwisho nawageukia ninyi wazee wetu mliotoka shule hii. Nasikia baadhi yenu mna mabasi. Siwaombi mnunue mbwa, maana kumfundisha mmoja ni kazi ya miezi mingi na fedha nyingi. Naomba mstari mmoja tu katika karatasi ya masharti mnayobandika karibu na dereva: mbwa wa asiyeona, mwenye cheti cha chanjo na kamba yake, hupanda bila nauli.