Kuimba Hadi Mia Si Kuhesabu

Kila mwisho wa muhula hapa Lodwar, wazazi wa chekechea huketi chini ya hema, na sherehe haikamiliki mpaka mtoto mmoja asimamishwe juu ya meza aimbe nambari. Moja, mbili, tatu, hadi hamsini, mara nyingine hadi mia, na kwa Kiingereza ikiwezekana. Akimaliza, vigelegele. Baba anatanua kifua, mwalimu anashusha pumzi. Mimi hubaki nimekaa na moyo mzito, kwa sababu tulichokishangilia ni wimbo.

Baada ya sherehe moja kama hiyo nilimwita mmoja wa waimbaji, binti wa miaka mitano. Nilikuwa na matofali ya plastiki ya kuchezea kwenye mfuko, nikayamwaga mkekani. "Mama, nipe sita." Akachota kwa mikono yote miwili, akanimwagia mapajani. Yalikuwa kumi na moja. Nilipomwomba ayahesabu alianza kuimba upesi upesi huku kidole kikiruka huku na huko, tofali moja likiguswa mara mbili, jingine likiachwa, na matofali yakaisha yeye akiwa kwenye kumi na nane. Akanitazama akisubiri nipige makofi.

Binti huyo hana kasoro hata moja. Mwaka 1990 mtafiti Karen Wynn alichapisha matokeo ya jaribio lililotumia ombi hilohilo la nipe kadhaa. Watoto wadogo walioweza kutaja nambari kwa mfululizo bila kukosea, wakiombwa vitu vitatu tu, walichota fungu lolote na kulitoa. Kati ya kujua mlolongo wa maneno na kujua kwamba neno la mwisho ndilo linalotaja idadi kuna safari ya miezi mingi. Mtoto huielewa moja kwanza, halafu mbili, halafu tatu. Kumwimbisha hadi mia peke yake hakumfikishi mwisho wa safari hiyo.

Imani ninayoipinga iko vinywani mwetu kila siku: mtoto anayecheza hasomi. Mzazi akipita chekechea akaona watoto wamekaa chini na vitu vya kuchezea, anauliza karo yake inafanya kazi gani. Akifungua daftari akakuta kurasa tatu zimejaa tarakimu 5, anaenda nyumbani ameridhika. Walimu wanalijua hilo, kwa hiyo wanajaza madaftari. Mtoto aliyeandika 5 mara sitini amefanya zoezi la mkono. Inawezekana kabisa hajawahi kukutana na tano.

Ngoja nieleze kinachotokea mkekani. Tofali la kawaida la plastiki lina vinundu vinane, safu mbili za vinne. Jingine lina vinne. Mtoto anabandika dogo juu ya kubwa, anaona nusu imebaki wazi, anatafuta dogo la pili, linaingia, linakaza. Hakuna aliyemwambia kwamba nne na nne ni nane, wala kwamba nne ni nusu ya nane. Vidole vimempa habari. Akichukua tofali lisilotosha, pengo linabaki, naye analiona mwenyewe na kulirekebisha bila kuchekwa na darasa, bila kutishwa. Sijawahi kuona ubao mweusi ukimfanyia mtoto wema huo.

Wanaodhani haya ni mageni ya Wazungu hawajasikiliza hesabu za bibi zao. Kwa Kiturkana kan ni tano, na kuanzia hapo lugha inajenga: sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, mpaka tufike tomon, kumi. Hayo ni matofali matano yaliyokazwa pamoja, na moja juu yake. Mtoto anayeingia shuleni na hesabu hiyo kinywani anapewa "sita" na "saba", maneno ambayo hayamwonyeshi kilichomo ndani. Basi mpe mnara wa matano na tofali moja pembeni, aone kwamba sita ya mwalimu ni ileile aliyoisikia nyumbani. Na mama anayesuka vikapu vya mkoma hapa mjini hagawi nyuzi zake kwa wimbo. Anazipanga, anazilinganisha, ua likikosewa anafumua.

Hata mtaala unasema hivyo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019 unawataka watoto wa PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, waainishe vitu, wavioanishe na kuvipanga kwa mfuatano, na hayo yanatajwa kabla ya nambari zenyewe. Chekechea nayo ilizaliwa na vibao vya kujengea: Friedrich Fröbel, aliyeanza kazi hiyo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto mchemraba mmoja wa mbao uliokatwa vipande vinane. Anayefukuza mchezo ili chekechea iwe shule kamili ameing'oa nguzo ya katikati.

Najua jibu la walimu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na ninaliheshimu. Mwalimu mmoja, watoto zaidi ya mia chini ya bati linalochoma, Wadinka, Wanuer, Wasomali, Wakongo na Waturkana pamoja. Utacheza na nani? Lakini ni katika darasa hilohilo ambapo wimbo unaficha mengi zaidi. Mia wakiimba pamoja, thelathini wanaojua wanawabeba sabini wasiojua, na mwalimu hawezi kuwatofautisha kwa sikio. Wape matofali sita kila kikundi cha watoto watano, uwaonyeshe mnara, uwaambie wajenge kama ule. Agizo hilo halihitaji Kidinka wala Kisomali, na ukizunguka mara moja unajua nani amekwama wapi.

Kinachoniuma zaidi ni masanduku yaliyofungiwa. Nimefika mahali ambapo matofali ya msaada yalikuwa yamekaa kabatini tangu yaletwe, plastiki ya juu haijachanwa, ufunguo kwa mkubwa, eti watoto watayapoteza. Afadhali yapotee mikononi mwao. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti elimu ya chekechea, na magavana hupenda kuzindua vyumba. Tunaomba na vitu vya kushika ndani ya vyumba hivyo. Kokwa za mkoma na mawe ya laga, mto wa msimu, vitasaidia, ninavitumia kila wiki, ila jiwe halimwonyeshi mtoto kwamba mawili ya nne yanafunika nane sawasawa. Kwa hilo nataka matofali, na kabati liwe wazi.

Mwaka jana nilikuwa Kakuma, karibu na laga ya Tarach, ambako watu hufyatua matofali ya udongo ya kujengea nyumba zao. Mama mmoja alikuwa akiinua ukuta. Akamtuma mwanawe wa miaka kama sita amletee vipande vinane vya kuzibia pembe. Kijana aliweza kubeba viwili kwa safari, kimoja kila mkono. Akaenda akarudi, akaenda akarudi. Safari ya nne alivitua, akajipangusa vumbi na kukaa kivulini. Mama yake hakuwa amegeuka hata mara moja kumwambia vimetimia. Nilipomuuliza anaendeleaje shuleni, mama alisikitika, akasema mwalimu wake humlalamikia kwamba hesabu hajui: akiimba, hukwama kwenye kumi na tatu.