Nani Alimtungua?

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita nilipewa kazi nyepesi kwenye klabu yetu ya vitabu: kuandika wasifu mfupi wa Roald Dahl, ukurasa mmoja tu. Nikaifanya kama wengi wetu tunavyozifanya asaimenti zetu, usiku wa mwisho, nakopi huku, napesti kule. Nikaandika kwamba kabla ya kuwa mtunzi wa vitabu vya watoto, Dahl alikuwa rubani wa ndege za kivita, na kwamba mwaka 1940 "alitunguliwa Libya".

Jioni nikapita nayo kwenye baraza ya kahawa, Mji Mkongwe. Mzee mmoja pale, mwalimu mstaafu, aliisoma mpaka mwisho kisha akaniuliza:

"Mwanangu, nani alimtungua?"

"Maadui, mwalimu."

"Maadui gani? Wajerumani au Wataliani?"

Nikababaika. Akanirudishia karatasi yangu, akaendelea na kahawa yake. Ikabidi nirudi vitabuni.

Dahl si mgeni sana kwetu. Mwaka 1938 alikuja kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, Dar es Salaam, hapo ng'ambo tu, na Kiswahili akajifunza. Vita vilipoanza Septemba 1939, haikupita miezi mitatu akawa Nairobi, kajiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Tarehe 19 Septemba 1940 alikuwa peke yake ndani ya ndege aina ya Gladiator, anakwenda kujiunga na kikosi chake, Namba 80, kusini ya Mersa Matruh. Mji huo uko Misri. Alipofika pale alipoelekezwa, hakuona kiwanja wala ndege, mchanga mtupu. Jua linakuchwa, mafuta yanakwisha, akajaribu kutua jangwani na ndege ikajigonga. Fuvu lilipasuka, pua ikavunjika, akakaa muda haoni. Uchunguzi wa jeshi ulikuja kuonesha kwamba aliambiwa aende mahali sipo. Hakutunguliwa na mtu.

Basi hilo "kutunguliwa" limetoka wapi? Agosti 1942 gazeti moja la Marekani, Saturday Evening Post, lilichapisha makala ya Dahl chini ya kichwa kilichosema alitunguliwa juu ya Libya. Marekani imeshaingia vitani, Dahl yuko kwenye ubalozi wa Uingereza kule Washington, na wasomaji wanataka mashujaa. Rubani aliyetunguliwa na adui ananoga kuliko rubani aliyepotezwa njia na watu wa upande wake. Katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986, Dahl mwenyewe alieleza kuwa ile ilikuwa ajali. Lakini neno lilishatoka, na mimi Unguja nikalidaka kama lilivyo.

Najua wapo watakaosema: sasa hiyo ndiyo nini? Si alikuwa rubani kweli? Ndiyo, alikuwa. Mwaka 1941 alipigana Ugiriki akiwa na ndege ya Hurricane, na alikuwemo kwenye mapambano ya angani juu ya Athens tarehe 20 Aprili. Kwa hiyo hata hakuhitaji kupambwa. Lakini sisi watu wa shamba tunajua kwamba embe lililoanguka na embe lililotunguliwa si mamoja. La pili lina mwenyewe aliyeshika mti. Nilipoandika "alitunguliwa", nilihamisha lawama. Aliyekosea kumwelekeza akatoka salama, na kosa likabebeshwa adui ambaye siku hiyo hata hakuwepo.

Na Dahl alikuwa na bahati, maana alikuwa na kalamu ya kujisahihisha. Wako wasiokuwa nayo. Katika kitabu hichohicho yumo mtumishi wake wa Dar es Salaam, jina lake Mdisho, na sura moja imepewa jina lake: Mdisho wa "Mwanumwezi". Jamani! Mtoto wa skuli ya msingi atakwambia ni Mnyamwezi, na wengi ni Wanyamwezi. Neno limeharibika kwenye kichwa cha sura, pahala ambapo kila msomaji analiona. Dahl anasimulia kwamba usiku vita vilipotangazwa, Mdisho alichukua upanga akaenda kumuua mkulima mmoja wa Kijerumani. Ni tuhuma nzito, na Mdisho mwenyewe hatumsikii humo isipokuwa kwa mdomo wa Dahl. Kwa hiyo anayeandika wasifu aseme "Dahl anasimulia kwamba", asiseme "Mdisho aliua". Na pale anapoitwa "boi", tujiulize tunaliandika vipi. Mimi naandika mtumishi, halafu naeleza kwamba wazungu wa wakati ule waliwaita hivyo.

Nani atakayeyaona haya kama si sisi tunaokijua Kiswahili? Mhariri wa London hawezi kushtuka kwa "Mwanumwezi". Wewe unaweza. Na hata hapa kwetu kazi ipo. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga kasri ya hapa mjini kwa mizinga, wengi tunavitaja kwa dakika 38, wengine huandika 40, wengine 45. Tunachagua inayonoga, tunakwenda zetu.

Ombi langu ni dogo. Kabla hujakabidhi kazi, chukua kila kitendo ulichoandika ukiulize: nani alifanya, na nani anasema? Nyaraka ziko Kilimani, na nauli ya daladala si ya kukushinda.

Mimi nilifuta, nikaandika upya: "Ndege yake ilianguka katika jangwa la Misri baada ya kuelekezwa sipo." Nikampelekea mwalimu. Akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Nani alimwelekeza?"

Hilo ndilo swali ambalo neno langu la kwanza lilikuwa limelifunika.