Aya Kumi kwa Siku: Kwa Dada Zetu Walioko Pipeline

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ni nyumba chache katika mwambao wetu zisizokuwa na mtoto, ndugu au shemeji aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki. Wengi wao hukaa katika mitaa ya mashariki ya mji ule, na mmoja wa mitaa hiyo ni Pipeline, huko Embakasi. Aliyepata kwenda kuzuru jamaa anaijua hali yake: majumba ya ghorofa saba, nane na zaidi yaliyosimama bega kwa bega, chumba kimoja kwa jamaa nzima, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ujia unaohitaji taa hata adhuhuri, na maji ya kununua kwa mtungi. Alfajiri watu hushika njia makundi kwa makundi kwenda kazini viwandani, na usiku mtaa haunyamazi.

Mama wa Kiislamu aishiye humo, ambaye huku nyumbani alilelewa chuoni, akahifadhi juzuu amma na akazoea kusikia adhana za misikiti miwili mitatu kwa pamoja, huona kana kwamba amehama mbali na Mola wake. Maneno tuyasikiayo sana kwa dada zetu hawa ni haya: nafasi hakuna, watoto wakikua, kazi ikipungua, nikirudi pwani, hapo nitaishika Qur'ani. Leo twataka kusema kwamba huenda mambo hayo yasitulie kamwe, na kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha tungoje yatulie.

Tuitazame Suratul Muzzammil, sura ya 73. Mwanzoni mwake Mtume (S.A.W.) aliamrishwa asimame usiku, nusu yake au pungufu kidogo au zaidi, na aisome Qur'ani kwa utaratibu. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba Mtume na masahaba zake waliishika ibada hiyo mwaka mzima, na mwisho wa sura ukazuiliwa mbinguni kwa miezi 12. Ndipo ikateremka aya ya 20 ikiwa na takhfifu, na kisimamo cha usiku kikawa sunna baada ya kuwa faradhi.

Katika aya hiyo Mwenyezi Mungu amewataja watu wa namna tatu wenye kuhitaji takhfifu: wagonjwa, wanaosafiri katika ardhi kutafuta fadhila Zake, na wanaopigana katika njia Yake. Mtafuta riziki ametajwa baina ya mgonjwa na mpiganaji. Basi dada yetu aliyeacha kwao Lamu, Malindi au Mombasa, akapanga chumba ghorofa ya sita, asidhani kwamba amesahauliwa. Hali yake imo ndani ya Kitabu. Lakini na azingatie jambo jingine. Amri ya kusoma kilicho chepesi katika Qur'ani imekuja mara mbili katika aya hiyo hiyo moja, na mara ya pili imekuja baada ya kutajwa watu hao. Aliyechoka hakuambiwa aiache Qur'ani mpaka apate nafasi. Kipimo kimepunguzwa, amri imebaki.

Swali basi ni namna ya kukitumia kipimo hicho kidogo. Sisi twaona mambo matatu.

La kwanza ni wakati. Imepokewa kwa Bibi Aisha vilevile kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa kidogo. Katika nchi yetu iliyo karibu na ikweta, kuchomoza na kuchwa kwa jua hakupishani ila kwa kiasi cha nusu saa mwaka mzima. Dakika 15 zilizopangwa baada ya sala ya alfajiri, kabla ya jiko kuwashwa, zitabaki mahali pake Rajabu na Ramadhani. Anayetoka mapema mno apange baada ya Isha. Mwenye zamu ya usiku apange arudipo. La muhimu ni saa hiyo ijulikane na wote wa chumbani, kama ijulikanavyo saa ya chakula.

La pili ni heshima, ambayo yawezekana hata pale pasipo na nafasi. Musahafu uwekewe mahali pake pa juu, mbali na vyombo na viatu. Simu izimwe. Mama ajistiri, aelekee Kibla, akae kwa utulivu. Wala uhaba wa maji usimzuie kutia udhu: Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa, usiofika lita moja. Mtungi mmoja wa lita 20 kwa kipimo hicho watosha udhu zaidi ya ishirini. Mtoto anayemwona mama yake akiyapima maji hayo ya thamani kwa ajili ya Kitabu cha Mola wake amekwisha kufunzwa adabu kabla hajaijua alifu.

Na siku zake za hedhi zisiwe siku za kutengana na Qur'ani. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, mwanamke katika siku hizo hasomi wala hashiki musahafu. Lakini anaweza kusikiliza, kuleta dhikri na kumsalia Mtume. Bibi Aisha ametusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiegemea mapajani mwake, naye yumo hedhini, huku akisoma Qur'ani. Basi saa ile ile ya kusoma na iwe saa ya kusikiliza.

La tatu ni kufahamu. Abu Abdirrahman as-Sulami amepokea kwamba masahaba waliowasomesha Qur'ani walikuwa wakijifunza aya kumi, wasizipite mpaka wajue maana yake na namna ya kuzitenda. Aya za Qur'ani kwa hesabu iliyozoeleka ni 6,236. Asomaye aya kumi kila siku pamoja na tafsiri yake atakhitimu kwa muda wa mwaka mmoja na miezi tisa. Mama atakayeanza siku mtoto wake anapozaliwa atamaliza kabla hajatimiza miaka miwili ya kumnyonyesha. Na akikosa siku moja, aanzie pale alipoishia.

Lugha nayo si kizuizi tena. Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilichapishwa Nairobi mwaka 1969. Mji ule ule ambao dada zetu wauona kuwa wa shughuli tupu ndio uliotupa tafsiri kamili iliyoingia majumbani mwetu. Na anayesoma kwa kusitasita asione haya, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametubashiria kwamba asomaye kwa taabu ana malipo mara mbili.

Wala asisome peke yake siku zote. Katika Sahihi Bukhari, wanawake wa Madina walimwendea Mtume (S.A.W.) wakalalamika kwamba wanaume wamewashinda kwa kukaa naye, wakaomba wawekewe siku yao, naye akawawekea. Wanawake watatu wa jumba moja wakikutana mara moja kwa wiki, mmoja akasoma, mwingine akatoa tafsiri, wakaandika yanayowatatiza ili wamuulize mwalimu msikitini, hiyo ni darsa.

Nasi tulioko pwani tuna sehemu yetu. Simu za mwisho wa mwezi kwenda Nairobi ni nyingi, na nyingi huuliza kama pesa zimetumwa. Mama mzazi, shangazi, bibi, na waongeze swali moja: mwanangu, umefika aya gani? Swali hilo halina gharama, na huenda likawa kamba ya kumshika asipotee. Kwani mtoto azaliwaye katika kile chumba cha Pipeline hakuzungukwa na chuo wala adhana kama tulivyozungukwa sisi. Mtu wa kwanza atakayemsikia akiisoma Qur'ani ni mama yake, au hatamsikia mtu.

Mwenyezi Mungu ameahidi katika hadithi Qudsi kwamba anayemkaribia kwa shibiri, Yeye humkaribia kwa dhiraa. Aya kumi ni shibiri yetu. Ewe Mola wetu, zibariki saa zetu chache, zilainishe nyoyo zetu kwa Kitabu Chako, na uwahifadhi watoto wetu walio mbali nasi. Amin.