Kilimia na Padre Lemaître
Desemba hii, usiku usio na mbalamwezi, toka nje kidogo ya mji wa Dodoma utazame kaskazini-mashariki baada ya chakula cha jioni. Kilimia hicho, nyota sita au saba zimesongamana. Ukishika darubini ndogo zinageuka makumi. Mwanga unaokuingia machoni ulianza safari kabla Ngome ya Yesu haijajengwa Mombasa. Mimi ni Mkristo, na mbele ya uzuri huo humshukuru Muumba kwa sauti. Ila sikubaliani na wahubiri wanaozigeuza nyota kuwa ushahidi wa mahakamani. Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji, ndiye aliyeeleza mwaka 1927, kwa hesabu, kwamba ulimwengu unapanuka. Papa Pius XII alipotangaza mwaka 1951 kwamba sayansi inashuhudia uumbaji, padre huyo hakufurahi. Hakutaka imani itundikwe kwenye nadharia, na nadharia hubadilika. Namwelewa kabisa. Ayubu naye, amejaa majipu, Mungu alimuuliza habari za Kilimia wala hakumpa uthibitisho wowote, na bado alinyenyekea. Basi kwenye mkesha wa Krismasi mwaka huu wachungaji wazime taa za uani dakika chache, watoto waonyeshwe anga, na atakayeuliza nyota huwakaje aelezwe fizikia yake yote, haidrojeni na joto lake, hapo hapo kanisani.